Anayehubiri Soko Huria Aanzie Mlangoni Pake

Msafiri atokaye Jinja kwenda Kamuli, akiisha kuuacha mji nyuma yake, huingia katika bahari ya miwa. Miwa mkono wa kulia, miwa mkono wa kushoto, miwa hadi kwenye kuta za nyumba na nyua za shule. Afikapo Buwenge, mji mdogo ulio karibu na nusu ya njia hiyo, huyaona matrekta yakivuta matela yaliyosheheni, na watoto wakinyemelea nyuma ili wachomoe mua mmoja mmoja. Mgeni husema moyoni mwake kwamba hapa pana neema. Mwenyeji hasemi hivyo. Mwenyeji humwuliza dereva wa trekta neno moja tu: leo kiwandani wananunuaje?

Swali hilo ndilo asili ya makala haya. Mkulima wa Buwenge aliyeilima ardhi, akanunua mbegu na mbolea, akapalilia, kisha akasubiri mwaka na nusu mua upevuke, haijui bei ya mali yake hadi siku ile anapokwenda kuiuza. Na mwenye haki ya kuitaja bei hiyo si yeye. Hata mama auzaye nyanya sokoni hutaja bei yake kwanza, ndipo mnunuzi akaomba apunguziwe. Katika biashara ya miwa desturi hiyo imegeuzwa juu chini, nasi tumeizoea kiasi cha kuiona kuwa ni amri ya Mungu.

Ndugu msomaji, mwandishi wa makala haya si adui wa wenye viwanda. Anaamini kwamba mtu aliyetia mali yake katika mitambo ana haki ya kupata faida, na kwamba serikali isiyojua mipaka yake huharibu zaidi ya inavyojenga. Kwa sababu hiyo hiyo anaona ni wajibu kusema wazi pale ambapo maneno ya wakubwa hayaafikiani na matendo yao.

KILIO CHA MWAKA 2020

Mwezi wa Julai mwaka 2020 serikali ya Kenya ilizuia sukari kuingia kutoka nje, na zuio hilo likaikumba hata sukari ya Uganda. Baadaye pande mbili zilikubaliana juu ya tani 90,000. Lakini vibali vilipotoka mwaka uliofuata vilikuwa vya tani zisizofika 20,000. Wenye viwanda wa Uganda walipiga kelele, nao walikuwa na haki ya kupiga kelele. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini mwaka 1999. Umoja wa Forodha ulianza kazi mwaka 2005, na Soko la Pamoja mwaka 2010. Bidhaa iliyozalishwa katika nchi moja mwanachama haifai kusimamishwa mpakani kana kwamba ni magendo. Walisema kwamba biashara iwe huru, kwamba mnunuzi wa Kisumu achague mwenyewe sukari aitakayo, na kwamba haki ya jirani iheshimiwe.

Maneno mazuri kabisa. Lakini tuyatazame kutoka Buwenge.

Wakati kilio hicho kikisikika mpakani Busia, wenye viwanda vikongwe walikuwa wamekwisha kudai kwa miaka mingi kwamba nchi igawanywe katika kanda za miwa. Sera ya Taifa ya Sukari ya mwaka 2010 ilitaka kiwanda kipya kisijengwe ndani ya kilomita 25 za kiwanda kilichotangulia. Maana yake kwa mkulima ni nyepesi kueleweka: ndani ya duara hilo mnunuzi atakuwa mmoja. Mwenye kiwanda anataka uhuru wa kuchagua wanunuzi wa sukari yake hadi Nairobi na Juba, na wakati huo huo anataka mkulima asiwe na uhuru wa kumchagua mnunuzi wa miwa yake hata kilomita thelathini kutoka nyumbani kwake. Waswahili wana msemo wao: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu.

Na si hayo tu. Sukari itokayo nje ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa asilimia 100 katika orodha ya bidhaa nyeti za Jumuiya, ili sukari ya bei nafuu kutoka Brazil na kwingineko isiwafilisi wenyeji. Wenye viwanda wanaupenda ushuru huo, nao wana sababu zao. Lakini yafaa tuihesabu milango hii: mlango wa baharini ufungwe kwa ajili yao, mlango wa Busia ufunguliwe kwa ajili yao, na mlango wa shamba la Buwenge ufungwe kwa ajili yao. Mfanyabiashara wa namna hii haupendi uhuru wala ulinzi kwa jina lake. Hupenda lolote limfaalo, kisha hulitafutia jina zuri.

Haki idai pia kwamba tuseme upande wa pili. Kiwanda cha Kakira, kilichoanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930, kimechonga barabara, kimekopesha wakulima mbegu na gharama za kulimia, kimejenga shule na hospitali, na hata kinazalisha umeme kwa kuchoma makapi ya miwa. Mwenye kiwanda huuliza: nikimkopesha mkulima leo, kisha kesho jirani yangu asiyekopesha hata senti aje na lori usiku auchukue mua ule kwa bei ya juu kidogo, mimi nitalipwa na nani? Swali hilo ni la haki. Mkopo ni ahadi, na mkulima anayeikimbia ahadi yake ni mwizi kama wezi wengine. Hata hivyo dawa ya ahadi iliyovunjwa ni mahakama na mkataba ulioandikwa kwa lugha aielewayo mwenye kutia kidole. Kumfungia mtu soko kwa sababu jirani yake amekwepa deni ni kuwaadhibu wengi kwa kosa la wachache.

MUA HAUSUBIRI

Wapo wasemao kwamba mkulima asiyeridhika na bei aache kuuza. Wasemao hivyo hawajapata kulima miwa.

Kahawa ya milima ya Elgon ikikaushwa vizuri husubiri ghalani. Wakulima wa Mbale, ambao chama chao cha ushirika cha Bugisu kimekuwapo tangu mwaka 1954, waliweza walau kuweka magunia yao wakiitazama bei. Mua hauna subira hiyo. Ukiisha kukatwa, utamu wake huanza kupungua saa ile ile, na uzito wake hupungua kwa jua. Siku mbili tatu zikipita, mwenye mali anapeleka kuni kiwandani. Usipokatwa wakati wake nao hupevuka kupita kiasi, ukaanguka, ukakauka shambani, au ukaunguzwa na moto ambao hakuna anayejua nani aliuwasha. Hauwezi kuliwa kama chakula, na hauwezi kusafirishwa mbali maana nauli huila bei yote. Mwenye miwa, kwa hiyo, ni mtu aliyefungwa na maumbile ya zao lake kabla hajafungwa na sheria yoyote. Kumwongezea mtu huyu kanda ni kumfunga kamba aliyekwisha kufungwa pingu.

Kisha kuna jambo la mizani. Miwa hupimwa getini mwa kiwanda, kwa mizani ya kiwanda, na karani wa kiwanda. Simtuhumu karani yeyote. Nasema tu kwamba katika desturi za biashara tulizorithi kwa wazee wetu, mnunuzi hakai peke yake na mizani.

Tufanye hesabu ya kienyeji. Tani moja ya miwa hutoa sukari kama kilo 90, pungufu au zaidi kwa kadiri ya utamu wa miwa na uzima wa mitambo. Tuseme kilo moja dukani ni shilingi 4,000: hizo ni shilingi 360,000. Tuseme mkulima analipwa 125,000 kwa tani ile. Katika fedha hizo awalipe wakataji, awalipe wapakiaji, alipe trekta, kisha alipe deni la mbolea. Naye mwenye kiwanda ana gharama zake, kodi zake na mishahara yake, hilo halina ubishi. Lakini amebaki pia na molasi atakayotengenezea spiriti, na makapi atakayochomea umeme wa kuuza. Mkulima aliyelipwa kwa uzito wa mua mzima anayo haki ya kuuliza kama vitu hivyo vilihesabiwa, au kama vilidondoka kutoka mbinguni.

PAMBA ILIPITA NJIA HII

Wazee wa Busoga hawataona jambo jipya katika haya. Pamba iliingia Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1912 ilijengwa reli kutoka Jinja hadi Namasagali ili iipeleke ziwani. Viwanda vya kuchambulia pamba vilikuwa vingi kupita pamba yenyewe, wenye viwanda wakashindana, na bei ya mkulima ikapanda. Walifanya nini? Walikwenda serikalini. Sheria ya mwaka 1933 ikaigawa nchi katika kanda 14, na pamba ya kanda moja ikakatazwa kuvuka kwenda kanda nyingine. Sababu zilizotolewa zilikuwa zile zile tuzisikiazo leo: utaratibu, ubora wa mbegu, kuzuia vurugu. Matokeo yalikuwa kwamba wanunuzi wa kanda moja waliketi pamoja wakakubaliana bei, na mkulima akaikuta mezani.

Wakati wa vita na baada ya vita serikali ya Kiingereza iliongeza la kwake. Ilinunua pamba kwa bei ya chini kuliko ya dunia, ikasema tofauti inawekwa akiba ili imlinde mkulima bei itakapoanguka. Akiba ile ilikua ikawa mamilioni ya pauni, na sehemu kubwa yake ikaishia katika miradi ya serikali. Mwaka 1949 Buganda ilipochafuka, mojawapo ya madai ya wananchi ilikuwa ni haki ya kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Ndipo Gavana Andrew Cohen, aliyefika mwaka 1952, alipovifungulia vyama vya ushirika mlango wa kumiliki viwanda hivyo. Ilibidi damu imwagike ndipo kikubaliwe kitu ambacho akili ya kawaida ingekitoa bure.

Nayataja haya kwa sababu naona wasomi wetu wakiizungumza sera ya kanda kana kwamba ni uvumbuzi wa mwaka 2010. Na wale wasemao kwamba dawa ni serikali kuvichukua viwanda, wakumbuke mwaka 1972. Waasia walifukuzwa, mashamba na mitambo ikagawiwa, wakazaliwa wale tuliowaita Mafutamingi. Nchi iliyokuwa ikitengeneza sukari zaidi ya tani 140,000 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1960 ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikitengeneza tani elfu chache tu. Mtu alihitaji kujuana na mkubwa ndipo apate kikaratasi cha kumruhusu anunue kilo mbili. Familia ya Madhvani ilirejea Kakira mwaka 1985 ikakuta vichaka mahali pa mashamba. Hatuhitaji kurudia somo hilo.

NA SERIKALI JE?

Katika ugomvi huu wa mkulima na mwenye kiwanda yupo wa tatu ambaye aghalabu hukaa kitako kama mwamuzi, hali yeye ndiye aliyeuchora uwanja.

Ni serikali iliyoandika sera ya kilomita 25, na ni serikali hiyo hiyo iliyotoa leseni kwa viwanda vipya Busoga hata vikasogeleana: Mayuge, Kaliro, Kamuli. Kwa mkulima ushindani huo ulikuwa baraka, nami siusikitikii. Ninachosikitikia ni kwamba kila upande ulikuwa na karatasi ya serikali mkononi. Mwenye kiwanda cha zamani aliionyesha sera, mwenye kiwanda kipya akaionyesha leseni, na hakuna ofisa aliyetoka hadharani kueleza ni ipi kati ya karatasi hizo iliyo ya kweli. Mwaka 2019 Bunge na Ikulu zilivutana juu ya suala hilo hilo la kanda, kabla ya Sheria ya Sukari kupatikana mwaka 2020. Sheria hiyo ilitaja bodi ya kuisimamia biashara hii na kanuni ya kuihesabu bei ya miwa kwa kuifuata bei ya sukari. Kanuni ni jambo jema. Lakini bodi ilichelewa kuundwa, na kanuni isiyo na msimamizi ni kama mizani isiyo na mawe.

Tazama pia jinsi fedha za umma zinavyosafiri. Huko Atiak, kaskazini mwa nchi, kilifunguliwa kiwanda cha sukari mwezi wa Oktoba mwaka 2020, ambacho serikali ilitia ndani yake mabilioni ya shilingi kupitia Shirika la Maendeleo la Uganda, ikawa mbia wa mwekezaji binafsi. Nia ilikuwa kuwainua watu wa Acholi waliotoka vitani, na nia hiyo haina ila. Lakini miwa iliungua mara kwa mara, na mitambo ikakosa cha kusaga. Wakati huo huo ahadi ya kiwanda cha wakulima wenyewe ilisikika Busoga zaidi ya mara moja, hasa kampeni zilipokaribia. Mwandishi wa makala haya hataki kiwanda cha serikali Atiak wala Buwenge. Anataka kujua kwa nini mlipa kodi wa Buwenge awe mbia wa hasara asiyoulizwa.

Na mwaka 2007, serikali ilipotaka kukikatia kiwanda cha Lugazi kiasi cha hekta 7,100 za msitu wa Mabira ili kilime miwa, watu waliandamana Kampala na baadhi yao wakafa. Hoja ya siku zile ilikuwa kwamba sukari haitoshi. Miaka minne baadaye, mwaka 2011, sukari iliadimika kweli, bei ikapanda maradufu na zaidi. Kisha miaka michache tu ikapita, na hoja ikageuka: sasa sukari ni nyingi mno na Kenya lazima ifungue mpaka. Serikali yenye hesabu sahihi ya miwa iliyopandwa isingeshtuliwa na upungufu na ziada ndani ya muongo mmoja. Mua hukaa shambani miezi kumi na minane. Ni zao ambalo mtu anaweza kulihesabu akiwa barabarani.

Wakenya nao wasifurahie sana wakisoma haya. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya iliomba kinga ya sukari katika soko la COMESA ili iwe na nafasi ya kuviponya viwanda vyake, na muda ukaongezwa mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20. Mumias, kiwanda kilichokuwa fahari ya magharibi ya Kenya, kilifilisika ndani ya kinga hiyo hiyo, kikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Mkulima wa Mumias na mkulima wa Buwenge wangekutana Busia wasingekuwa na ugomvi wowote. Wote wawili wamelindwa hadi wamefilisika.

CHAKULA KWANZA

Mwaka 2023 bei ya miwa Busoga ilipanda ikapita shilingi 200,000 kwa tani. Watu wakang'oa mihogo. Wakakata mibuni na migomba, wakapanda mua hadi mlangoni. Wengine wakakodisha ekari zao kwa miaka mingi kwa fedha za mkupuo mmoja, pikipiki ikanunuliwa, na mabati. Mwaka 2024 bei ikaanguka kwa kiasi cha nusu. Pikipiki ilikuwapo bado, lakini ardhi ilikuwa ya mwingine hadi mkataba uishe, na viazi vilikuwa vya kununua sokoni.

Hapa sitamlaumu mwenye kiwanda wala waziri. Wazee wa Kisoga walijua kwamba shamba la viazi vitamu na ulezi haliguswi kwa ajili ya zao la fedha. Pamba ililimwa, lakini ghala la chakula lilikuwa na heshima yake. Mwanamume aliyekodisha shamba la chakula bila kumwuliza mkewe asingeketi mbele ya ukoo wake bila aibu. Uchunguzi wa Idara ya Takwimu wa mwaka 2016/17 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya watu wa Busoga walikuwa chini ya mstari wa umaskini, katika nchi ya udongo mwekundu wenye rutuba, ziwa upande huu na Nile upande ule. Watoto waliotakiwa kuwa darasani wamekutwa wakikata miwa kwa ujira wa siku. Waziri hawezi kumrudisha mtoto yule darasani kama baba yake ndiye aliyempa panga.

Lakini baba akiisha kutimiza wajibu wake, ana haki ya kuwauliza wakubwa mambo machache. Je, Shirika la Viwango lipime mizani ya kila kiwanda cha miwa na kubandika cheti getini, penye kusomeka na kila mtu? Je, bei iliyopatikana kwa kanuni ya sheria itangazwe redioni kila wiki kwa Kisoga, pamoja na hesabu iliyoizaa? Je, Wizara ya Biashara ichapishe majina ya waliopewa vibali vya kuuza sukari Kenya, na tani za kila mmoja? Vibali ni mali ya umma, na mtu apewaye mali ya umma haoni haya kutajwa jina. Na mwenye kiwanda atakayekwenda Arusha mbele ya mahakama ya Jumuiya kudai soko huria, je, aulizwe kwanza kama yuko tayari kuutoa uhuru huo kwa watu wanaomletea miwa?

Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia, wala tume, wala semina hotelini Jinja. Cheti cha mizani ni karatasi moja. Tangazo la redio ni dakika tano.

Jioni, foleni ya matela huonekana ikisubiri nje ya geti. Madereva hulala chini ya matrekta yao, na wapishi wa chai huwauzia chapati. Mua uliokatwa jana asubuhi umekwisha kubadilika rangi kwenye ncha. Utapimwa kesho, au kesho kutwa, kwa uzito utakaokuwa umebaki.